Kitabu Kimoja, Wasomaji Sita: Tathmini ya Player's Handbook ya 2024 Ikisomwa kwa Sauti Kampala

Meza yetu ilikwama kwa saa moja na nusu juu ya kitenzi kimoja. Mwizi wetu, maana kila kundi la mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons lina mwizi wake, alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo katika ua wenye taa. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni, uso wake ukielekea uani. Na kijana aliyekuwa akimwigiza mwizi huyo alitangaza kwa utulivu kwamba anatoka nyuma ya nguzo, anakatiza ua mzima na kumfikia mlinzi bila kuonekana, kwa kuwa kitabu kinamruhusu. Tulikifungua kitabu. Kilimruhusu, au kilimkataza, kutegemea ni nani kati yetu aliyekuwa amekishika, na hadi tulipoafikiana chai ilikuwa imepoa na umeme ulikuwa umekatika na kurudi.

Kitabu chenyewe ni Player's Handbook ya mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo lililorekebishwa na kutolewa Septemba 2024, lenye jalada gumu na kurasa 384, ambalo bei yake iliyotangazwa ni dola 49.99 za Marekani. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa walioketi pamoja: mmoja wao ni msimamizi, anayeeleza mahali palivyo na kuwasemea watu wote wa ulimwengu ule, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na hueleza mhusika huyo anataka kufanya nini, na pale ambapo matokeo hayana hakika, hurushwa dadu yenye pande 20, ikajumlishwa na ustadi wa mhusika, na jumla hiyo ikaamua. Sheria nyingine zote, nazo ni nyingi, hueleza ni lini dadu hurushwa, nani huirusha, na nini hufuata. Sitaandika kuhusu picha za kitabu, ambazo ni nzuri, wala kuhusu ipi kati ya aina zake 12 za wahusika ina nguvu kuliko nyingine. Ninataka kukitathmini kama matini ya kusomwa, kwa sababu kusoma ndiko tunakokufanya kila Jumapili alasiri, tena katika hali ambayo nadhani waandishi wake hawakuifikiria sana: nakala moja, watu sita, na lugha ya meza ambayo si lugha ya kitabu.

Tunakutana Ntinda. Kiganda kingetosha kwa mambo mengi mjini Kampala, lakini hakitutoshi sisi, kwa sababu msimamizi wetu ni dada muuguzi kutoka Mwanza, mwizi ni kijana wa Bunia anayetengeneza simu katikati ya mji, mmoja ni mwanafunzi wa Makerere aliyekulia Mombasa, mwingine ni mwanasheria wa hapahapa aliyejifunzia Kiswahili shule ya bweni Nairobi, na wa tano ni mzee mstaafu wa jeshi kutoka Bombo, ambaye sote tunamwita Afande, naye huitikia jina hilo kwa uzito unaostahili. Wa sita ni mimi, mwalimu wa Kiswahili, na kwa sababu hiyo ndimi niliyepewa kazi ya kusoma Kiingereza cha kitabu kwa sauti na kukirudia kwa Kiswahili. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Katika chumba kile ni lugha rasmi ya kwanza, na Afande hakubali sheria yoyote itumike kabla haijasemwa kwa lugha hiyo.

Mpangilio wa kitabu nausifu bila kusita. Toleo la 2014 lilimtaka msomaji atengeneze mhusika kwanza, achague silaha na mavazi, na kufika katikati ya kitabu ndipo aelezwe mchezo unachezwaje, kana kwamba mtu anauziwa viatu kabla ya kuambiwa safari inaelekea wapi. Toleo jipya linaanza na sura ya namna ya kucheza. Tena mwishoni kuna faharasa ya istilahi, ambamo kila neno lenye maana maalumu limefafanuliwa kwa mpangilio wa alfabeti, na ndani ya matini neno hilo mara nyingi huanza kwa herufi kubwa ili msomaji ajue kwamba halitumiki kwa maana ya mtaani. Mwanasheria wetu alipoiona faharasa hiyo alifurahi waziwazi, kwa sababu ndivyo miswada inavyoandikwa: kwanza kifungu cha tafsiri ya maneno, kisha sheria yenyewe. Mwanafunzi wa Mombasa aliipokea kwa namna yake. Yeye amepitia madrasa, na huko matini haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na sherehe yake, yaani ufafanuzi wa wanazuoni, na mwanafunzi anayeshika matini bila sherehe huonwa kuwa anajitafutia matatizo. Kwa hiyo aliichukua faharasa kuwa sherehe ya kitabu, na hapo ndipo yeye na mwanasheria walipoanza kutofautiana, kwa kuwa kwa mwanasheria ufafanuzi hulifunga neno, na kwa mwanafunzi wa madrasa ufafanuzi hulifungulia neno mjadala.

Kasoro kubwa ya mfumo huo wa herufi kubwa nimeigundua kwa masikio. Herufi kubwa haisikiki. Ninaposoma kwa sauti, watu watano hawaoni ukurasa. Wanachosikia ni neno la Kiingereza la kushambulia, na hawana njia ya kujua kama ni lile lenye herufi kubwa, ambalo ni tendo zima ambalo mhusika hulitumia katika zamu yake, au lile la herufi ndogo, ambalo ni pigo lolote linaloamuliwa na dadu. Tofauti hiyo si ndogo, kwani kuna uwezo unaofanya kazi kwa moja na kukataa kwa jingine. Kwa Kiswahili tumelazimika kuitengenezea tofauti hiyo sauti yake: lenye herufi kubwa tunaliita Tendo la Kushambulia, na lile dogo tunaliita shambulio, basi. Kitabu kimeandikwa kwa jicho la mtu mmoja mwenye nakala yake au simu yake mkononi, na mezani ambako nakala ni moja, kazi ambayo chapa ilitakiwa kuifanya humwangukia msomaji.

Sasa nirudi kwenye nguzo. Kanuni ya kujificha katika toleo hili inasema, kwa muhtasari wangu, kwamba mhusika anayetaka kujificha lazima awe mahali penye giza au ukungu mzito, au nyuma ya kitu kinachomkinga kwa robo tatu au zaidi, na asiwe mbele ya macho ya adui yeyote. Kisha arushe dadu, na jumla yake ifike 15. Akifaulu, anapata hali ya kutoonekana, ileile anayoipata mtu aliyefichwa kwa miujiza. Hali hiyo inakoma akitoa sauti inayozidi mnong'ono, akishambulia, akitumia uganga unaohitaji kutamka maneno, au adui akim-... na hapa pana kitenzi "find". Haikuandikwa kwamba inakoma adui akimwona. Haikuandikwa kwamba inakoma akitoka mafichoni.

Kijana wa Bunia alilisoma hilo kama fundi anavyosoma mchoro wa simu: masharti manne ya kukoma, hakuna hata moja lililotimia, basi hali inaendelea. Mwanasheria alikuwa upande wake, tena kwa hoja nzito zaidi. Toleo la 2014, alisema, lilikuwa na sentensi iliyoeleza kwamba katika mapigano viumbe wengi huwa macho pande zote, hivyo anayetoka mafichoni na kumwendea mtu kwa kawaida huonekana. Sentensi hiyo haimo katika toleo la 2024. Mtunga sheria anapofuta maneno, mahakama hudhani kwamba ameyafuta kwa makusudi. Mwanafunzi wa Mombasa alijibu kwamba jambo lililo dhahiri haliandikwi, na kwamba mlinzi mwenye macho mawili, chini ya taa, akimtazama mtu anayemjia, hahitaji aya ya kumruhusu amwone. Afande alisikiliza pande zote mbili kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mwalimu, hiki kitabu kinamwambia nani? Kinamwambia mwizi, au kinamwambia mlinzi?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye tafsiri, kwa sababu Kiswahili hakikuniachia nafasi ya kukwepa. Nilikuwa nimesoma "adui akimpata". Kumpata mtu kwa Kiswahili kunaweza kuwa kumtafuta hadi ukamfikia, na kunaweza kuwa kukutana naye tu njiani. Ningesema "akimgundua", ningekuwa nimeweka kazi ya akili ndani yake, na hapo dadu ya mlinzi ingekuwa na maana. Ningesema "akimwona", kesi ingekuwa imekwisha na mwizi yuko matatani. Kitenzi cha Kiingereza kinabeba yote matatu bila kuona haya. Mimi nilitakiwa kuchagua, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeshachagua kabla ya kuelewa kwamba palikuwa na uchaguzi.

Jambo lililonishangaza zaidi lilihusu neno jingine. Wachezaji wengi wanaokisoma kitabu hiki kwa Kiingereza wamekereka kwamba mtu aliyejibanza nyuma ya pipa anapewa hali ileile ya mtu aliyetoweshwa kwa miujiza, kwa kuwa neno la Kiingereza la kutoonekana huwapeleka moja kwa moja kwenye miujiza. Mezani kwetu hakuna aliyekereka. Kiswahili kimezoea. "Mbona huonekani siku hizi?" ni salamu ambayo kila mmoja wetu ameisema wiki hii, na husemwa kwa mtu aliyesimama mbele yako mchana kweupe. Haonekani yule aliyefichwa, haonekani yule aliyehama mtaa, haonekani yule anayekwepa deni. Kitenzi chetu hueleza jinsi mambo yalivyo kati ya anayetazama na anayetazamwa, bila kudai kwamba mwili umekuwa kama kioo. Na ukiisoma kanuni kwa jicho hilo, unaelewa waandishi walitaka nini: hali ni moja kwa sababu matokeo ni mamoja, yaani mwenzako hajui ulipo. Hata faida ya hali hiyo katika shambulio, kitabu kinasema, haipo dhidi ya kiumbe anayeweza kukuona kwa namna fulani. Ubishi wote ulijificha katika maneno hayo ya mwisho.

Mwanasheria ndiye aliyetuvusha, kwa kuacha hoja yake ya kwanza. Huku kwetu, ambako mahakama zimerithi utaratibu wa Uingereza, sheria yenye utata husomwa kwanza kwa maneno yake yalivyo, na maneno yakigoma huulizwa sheria ile ilikuja kutibu ubaya gani. Wanafunzi wa sheria hufundishwa swali hilo la pili kwa kesi ya Heydon ya mwaka 1584. Ubaya wa toleo la zamani, alisema, ulikuwa kwamba msimamizi aliachiwa kuamua kila mara kama mazingira yanaruhusu kujificha, na kila msimamizi aliamua lake. Kanuni mpya ilitibu mlango wa kuingia mafichoni, kwa kuweka masharti na ile namba 15. Haikukusudia kumpofusha mlinzi. Msimamizi wetu, ambaye muda wote alikuwa kimya akimenya machungwa, alitoa uamuzi: ukiingia kwenye mwanga huku anatazama, amekuona, akigeuka, unapita. Kijana wa Bunia akatangaza kwamba anarusha kokoto upande wa pili wa ua. Mlinzi akageuka.

Sikuyasimulia haya ili kukilaumu kitabu kwa utata, kwani hakuna kitabu cha sheria kisicho nao. Ninachokilaumu ni kwamba kimejenga imani kubwa mno katika ufafanuzi wa maneno, na msomaji anayekipokea kwa imani hiyo huacha kuuliza ndani ya ua kuna nini na kuanza kuuliza neno lina nini. Nimeona mabadiliko hayo kwa wenzangu. Katika miezi ya mwanzo walikuwa wakisema "naruka dirishani"; baada ya kuipata faharasa, wakawa wakisema "je, kuruka ni tendo au ni sehemu ya mwendo?" Jibu lipo, nalo ni zuri, lakini dirisha limesahauliwa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo ukali wa maneno umeokoa muda wetu mwingi. Mwizi ana uwezo wa kupiga pigo la hila, lenye madhara ya ziada, na kitabu kinasema anaweza kulitumia mara moja kwa zamu. Hakisemi kwa zamu yake, wala hakisemi kwa duru nzima ya zamu za wote. Nilipotafsiri kwa pupa mara ya kwanza nilisema "mara moja katika zamu yako", na kwa miezi miwili kijana wa Bunia alipunjwa haki yake, kwa sababu zamu ya mwingine nayo ni zamu: adui akimkimbia mwizi katika zamu ya adui huyo mwenyewe, mwizi anaweza kumpiga kama mwitikio, na pigo la hila likaingia tena kama masharti yake mengine yametimia. Kosa lilikuwa langu, kitabu kilikuwa sahihi hadi kwenye neno dogo nililoliongeza mimi. Niliomba radhi rasmi mbele ya meza. Kijana alidai fidia ya rolex mbili, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai, na akalipwa.

Mfano mwingine unaopendwa sana mezani petu ni wa maiti. Kitabu kinagawa vilivyomo duniani katika viumbe na vitu. Kiumbe ni chochote kilicho hai au kilicho na nafsi yake mchezoni, na kitu ni kile kisicho na uhai. Kiingereza kinaweza kuzungumza aya nzima bila kusema maiti iko upande gani. Kiswahili hakiwezi, kwa sababu kitenzi kinadai upatanisho, na hapo ndipo mwanafunzi wa Mombasa anaposema maiti amelala na kijana wa Bunia anasema maiti imelala, na kila mmoja ameshatoa hukumu ya kisheria bila kukusudia. Siku moja mwenzetu aliuawa, na adui mwenye kurusha cheche za moto akataka kuuchoma mwili kabla hatujautumia ule uganga wa kumfufua aliyekufa ndani ya dakika moja. Uganga wa kufufua unamtaja marehemu kuwa kiumbe. Uganga wa cheche unasema kitu kinachoweza kuungua hushika moto kikipigwa, isipokuwa kikiwa kimevaliwa au kimebebwa. Afande alikuwa amemwinua marehemu begani. Mwanasheria akamuuliza, kwa heshima zote: "Afande, samahani, umembeba au umeibeba?" Ikawa kicheko, lakini hoja ilikamilika papo hapo: kama amembeba, ni kiumbe, na cheche hazimwashi kiumbe kama kuni, kama ameibeba, ni kitu, lakini ni kitu kilichobebwa, kwa hiyo hakishiki moto. Mwenzetu alifufuka na pointi moja ya uhai.

Mvutano huu kati ya maneno makali na lugha ya kawaida ni wa tangu zamani. Toleo la kwanza la mchezo, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka mwaka 1974 likiwa vijitabu vitatu katika kisanduku, nakala 1,000, lenye mapengo mengi kiasi kwamba kila kundi lilijitungia sehemu kubwa ya mchezo. Miaka michache baadaye Gygax huyohuyo, akiandaa toleo pana zaidi, akawa anahimiza meza zote zicheze kwa namna moja. Toleo la 2008 liliandikwa kwa istilahi kavu. Lile la 2014 lilirudi kwenye lugha ya kawaida, na lugha ya kawaida ikazaa maswali ya miaka kumi, kama lile maarufu la kutofautisha shambulio la silaha na shambulio kwa silaha: ngumi ilihesabiwa kuwa ya kwanza lakini si ya pili, kwa hiyo uhalali wa kumpiga mtu ngumi takatifu ulining'inia kwenye tofauti ya "la" na "kwa". Wachapishaji, Wizards of the Coast, walilazimika kutoa majibu ya maswali, na katika majibu hayo wakatambua namna tatu za kuisoma sheria: kama ilivyoandikwa, kama ilivyokusudiwa, na kama inavyofurahisha zaidi mezani. Toleo la 2024 limeipa ngumi ingizo lake katika faharasa, na tatizo hilo limezikwa.

Lakini watu husoma hata kisichoandikwa. Wenzangu wote, na mimi pamoja nao, tulikuwa tukiamini kwamba dadu ikionyesha 20 jambo lolote linafanikiwa, hata ukijaribu kumshawishi mfalme akupe kiti chake. Kitabu hakisemi hivyo; 20 hupiga bila kujali kinga katika shambulio tu, na katika jaribio la ustadi kama hilo ni namba kubwa kama namba nyingine kubwa. Nilipousoma ukurasa huo kwa sauti nilitazamwa kama mtu aliyetangaza kufutwa kwa sikukuu. Nadhani imani hii inaishi kwa sababu mchezo huu, kama michezo mingi tuliyoizoea, hupokelewa kwa mdomo kabla ya kusomwa. Hakuna ninayemfahamu aliyejifunza omweso kwa kitabu, pamoja na ubao wake wa mashimo 32 na kete 64. Ulikaa pembeni ya wazee, ukatazama, ukacheka wakikosea, siku moja ukaruhusiwa kukaa. Na karata za matatu, mchezo ambao nchi hii yote inaucheza, zina sheria zinazobadilika kutoka kibanda hadi kibanda, kiasi kwamba wachezaji wasiojuana huulizana kabla ya kugawa: hapa mnacheza vipi? Afande aliyekulia katika utamaduni huo haoni ajabu yoyote kuuliza hivyo hata kukiwa na kitabu cha kurasa 384 mezani. Yeye hukiona kitabu kuwa amri za kudumu za kambi, na msimamizi kuwa mkuu wa kambi, na anajua kutokana na utumishi wake kwamba amri za kudumu hazijawahi kumaliza kazi ya mkuu wa kambi.

Vipimo vinahitaji neno moja. Kitabu kinapima kila kitu kwa futi, na msimamizi wetu wa Mwanza anafikiri kwa mita. Tuliokolewa na biashara ya ardhi. Hapa Uganda viwanja huuzwa kwa futi, na kila mtu ana picha ya kiwanja cha 50 kwa 100 kichwani mwake, hata kama hana hati yake. Nilipomweleza kwamba tufe la moto lina nusu kipenyo cha futi 20, yaani upana wa futi 40, na kwamba katika kiwanja cha kawaida lingebakiza futi tano tu kila upande kabla ya kufika kwa jirani, alilielewa mara moja, na wenzetu wakaacha kulirusha ndani ya nyumba.

Majina ya wahusika yalitusumbua zaidi ya vipimo. Yule mtu wa vitabu na miujiza hatukuweza kumwita mchawi, kwa sababu mchawi kwa Kiswahili si fani, ni tuhuma, na hakuna mtu mezani aliyetaka kusema "mimi ni mchawi" nyumbani kwa watu. Mganga hutibu na kupiga ramli, hivyo naye hakufaa. Tumemwita mwanazuoni, na anapotumia uwezo wake tunasema anasoma, jambo ambalo kwa bahati linaendana na kitabu chenyewe, maana huyo ndiye mhusika anayebeba daftari la uganga wake kila aendako.

Ushauri bora kabisa niliouona kuhusu kuzisoma sheria hizi haumo katika kitabu ninachokitathmini. Umo katika kitabu mwenza cha msimamizi, kilichotoka Novemba 2024, ambacho kinaeleza kwamba sheria za mchezo si kanuni za fizikia na kwamba zinategemea kusomwa kwa nia njema. Ni maneno machache, na yangezuia nusu ya mabishano niliyoyasimulia, lakini yamewekwa mahali ambapo mchezaji wa kawaida hana sababu ya kufika, kama tangazo la hatari lililobandikwa ndani ya ofisi ya meneja. Kwa kosa hilo la mpangilio nakipunguzia kitabu alama moja kati ya tano. Nyingine nampunguzia yule aliyeamua kwamba herufi kubwa inatosha kumwongoza msomaji.

Anayefikiria kununua nakala iliyochapwa ajue kwamba hiyo bei ya dola ni mwanzo tu. Yetu ilikuja ndani ya sanduku la ndugu wa mmoja wetu aliyekuwa anarudi nyumbani, na hivyo ndivyo ningemshauri yeyote afanye. Kabla ya hapo, apakue hati ya msingi ya sheria, toleo la 5.2, iliyotolewa bure Aprili 2025. Haina kila kitu. Kila aina ya mhusika imepewa tawi moja tu la kujiendeleza, ilhali kitabu kina matawi 48 kwa aina zote 12. Lakini sura ya kucheza imo, faharasa imo, na mabishano yote niliyoyaeleza hapa yanaweza kufanyika kikamilifu bila kulipa senti. La muhimu zaidi kwetu wasomaji wa Kiswahili, hati hiyo ina leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuinakili, kuibadilisha na kuitafsiri, mradi ataje chanzo. Sisi tumeanza na faharasa, kwa sababu ndiko kwenye ugomvi. Tumefika kwenye kanuni ya kujificha, na katika nafasi ya kile kitenzi kuna maneno matatu yaliyoandikwa kwa penseli, kwa miandiko mitatu tofauti. Jumapili ijayo mwizi ana ua mwingine wa kuvuka.